Yezu Aliamuru Mtoto Apewe Chakula



Mwinjili Marko atusimulia habari za Yairo, mkubwa wa sinagogi, aliyefiwa na binti yake wa miaka 12. Yezu alimshika mkono, akamwamuru asimame. Naye akasimama, akatembea. Watu walishangaa mno. Lakini lipo jambo ambalo wasikilizaji wengi hulisahau: papo hapo Yezu aliagiza binti huyo apewe chakula. Yeye aliyemrudishia uhai angaliweza kumshibisha kwa neno moja tu. Hakufanya hivyo. Uhai aliurudisha mwenyewe; kazi ya chungu aliwaachia watu wa nyumbani.

Je, sisi kazi hiyo twaifanyaje? Wengine watajibu: «Mwalimu, sisi tu maskini, nyama na maziwa ni vya matajiri.» Ni kweli, franka ni chache. Lakini Mungu hakuwanyima maskini chakula chema. Sombe na lengalenga humea karibu na nyumba zetu. Sombe iliyotwangwa vema na kupikwa sana hujenga mwili kuliko muhogo wenyewe. Mafuta mekundu ya mawese huyalinda macho ya watoto. Maharagwe na karanga hushika mahali pa nyama, hasa yakiliwa pamoja na mahindi. Ndagala kavu, zikitwangwa na mifupa yake, huutia nguvu uji wa mtoto, hata kama ni kijiko kimoja tu. Fedha inayomalizwa kwa pombe siku moja ya soko yaweza kununua maharagwe ya siku nyingi.

Sikieni sasa neno zito. Mara nyingi mtoto huachishwa ziwa kwa kuwa mama ana mimba nyingine, naye hupewa uji wa muhogo mtupu. Baada ya miezi, miguu yake na uso wake huvimba, nywele hubadilika rangi, hataki kucheza tena. Ugonjwa huo waitwa kwashiorkor. Daktari Cicely Williams, mwanamke aliyefanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliandika habari zake mwaka wa 1933. Na mwaka wa 1935 akawajulisha madaktari jina hilo, ambalo ni la lugha ya wenyeji wa huko. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake.

Lakini kijijini husemwa nini? «Amelogwa!» Basi baba amtwaa kuku, ampelekea mfumu. Kuku yule yule ambaye mayai yake yangalimlisha mtoto! Mfumu amtaja bibi mzee wa jirani, na chuki yaingia katika ukoo. Tazameni: amri ya kwanza imevunjwa kwa uaguzi, ya nane kwa kumsingizia mzee asiye na kosa, na ya tano kwa kumwacha mtoto afe. Amri tatu kwa kuku mmoja!

Mkatekumeni asifanye hivyo. Mtoto aliyevimba apelekwe mara moja kwenye kituo cha afya, maana anahitaji kulishwa kwa uangalifu wa waganga waliofundishwa. Na wale wasio wagonjwa tuwalinde kwa chungu chetu. Akina baba, pengine samaki na yai huwekwa mbele yenu, watoto wakabakiziwa mchuzi. Desturi hiyo haikutoka kwa Mungu. Mtakatifu Paulo afundisha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Na mwili wa mtoto, ingawa ni mdogo, umeumbwa kuwa hekalu vilevile.

Kusudi letu la juma hili ni hili: kabla ya kufanya ishara ya msalaba mezani, kila baba na kila mama atazame kwanza bakuli la mtoto aliye mdogo kuliko wote. Likiwa na muhogo mtupu, atie humo sehemu ya chakula chake mwenyewe, kisha asali.