Jumapili Niliyoshangilia Redio

Keti, mwanangu. Hiyo simu igeuze kifudifudi kidogo. Najua una haraka. Jana nilikusikia ukibishana na wenzako pale stendi ya Mbumbuni, mkisema watu wa Sudan walikosa tu ujasiri wa kumaliza kazi. Nilitaka kuingilia, nikajizuia. Mzee hashindi ubishi mbele ya bodaboda.

Nikupe aibu yangu kwanza. Tarehe 1 Agosti 1982, Jumapili. Nilikuwa na miaka 22. Redio ya baba ilikula betri nne, zikifa tunazianika juani. Asubuhi ile ikatoka sauti ikisema serikali ya Kenya imepinduliwa, ni kazi ya Jeshi la Wanahewa. Nilirusha kofia. Nikakimbia sokoni kumwambia kila mtu: tumepata Nasser wetu! Niliporudi baba alikuwa anapepeta mbaazi. Hakuinua kichwa. Aliuliza tu, "Na huyo anayesema, sisi tulimtuma lini?"

Nilimwona mshamba. Kufika jioni serikali ilikuwa imerudi, na mimi nikalala kwa shangazi majuma matatu, nikishtuka kila gari likinguruma.

Cha ajabu, Nasser, yule kiongozi wa Misri, nilimpata kwa baba huyo huyo. Miaka ya hamsini, huku tukiwa chini ya hali ya hatari, Redio Cairo ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili na kuwatukana wakoloni waziwazi. Mwaka 1956 Misri ikautwaa Mfereji wa Suez. Nani asingempenda mtu huyo? Lakini mimi sikusoma ukurasa wa pili. Yeye na maofisa wenzake waliomwondoa Mfalme Farouk Julai 1952, kufika Januari 1953 walikuwa wamepiga marufuku vyama vya siasa. Gaddafi wa Libya naye nilimpenda kwa sababu alishika nchi akiwa na miaka 27. Alikaa 42.

Ungedhani nimejifunza. Ijumaa ya tarehe 11 Februari 2011, mzee wa miaka 51, nilikuwa nimebanwa kwenye hoteli ya sokoni tukitazama umati wa Tahrir kule Cairo. Siku 18 na Rais Mubarak ameondoka! Nilinunulia watu wote chai na mandazi. Sijutii mandazi, furaha ile ilikuwa ya haki. Najuta kwamba nilizima televisheni nikaenda kulala, nikidhani mambo yamekwisha. Jeshi lililomwacha Mubarak aanguke ndilo lililomwondoa Rais Morsi Julai 2013, na huyo alikuwa amechaguliwa kwa kura.

Sasa Sudan, mwanangu, usiwaseme hivyo. Desemba 2018 watu wa Atbara, mji wa reli, waliingia barabarani kwa bei ya mkate. Walikuwa na vyama vya madaktari na walimu, walikuwa na kamati za mitaa. Aprili 2019 Wasudani wakakaa mbele ya makao makuu ya jeshi kule Khartoum, na Rais Bashir alipoondolewa tarehe 11 hawakurudi nyumbani. Walikuwa wameyaona ya Misri. Tarehe 3 Juni wakapigwa risasi pale pale, wakafa zaidi ya 100. Kabla mwezi huo haujaisha walijaa barabarani tena. Huo si uoga. Ila bunduki na dhahabu zilibaki mikononi mwa majenerali wawili. Oktoba 2021 wakaipindua pamoja serikali ya mpito, na Aprili 2023 wakageukiana, na nchi ikaungua katikati yao.

Mimi sina dawa ya Khartoum. Ninachokijua ni bwawa la mchanga. Tulipojenga letu, kwa mwethya, kazi ya pamoja ya kijiji, akina mama wakibeba mawe kichwani, mvua ya kwanza ilileta mchanga mtupu. Nikawaambia wametapeliwa. Nilisema kwa sauti, tena mbele ya mama yako. Kumbe ni lazima mchanga ujae kwanza, ndipo maji yakae ndani yake, jua lisiyafikie. Msimu wa tatu tulichimba kwa kata tukachota. Mama yako hakunikumbusha maneno yangu. Alinipa tu ile kata.

Katiba yetu pia ilijaa hivyo. Tangu maandamano ya Saba Saba ya 1990 hadi Agosti 2010 ni miaka 20, na wengi waliopigwa mwanzoni hawakuiona.

Juni 2024 ulikwenda Nairobi, sikukuzuia. Usiku sikulala, lakini sikukuzuia. Mswada wa Fedha ulirudishwa, na kazi hiyo mliifanya ninyi, si sisi. Halafu mwezi mmoja baadaye kukawa na kikao cha bajeti ya kaunti hapa chini ya mwembe. Tulifika wazee 11 na mtoto mmoja aliyetumwa chumvi. Tuliongea kuhusu kalavati kwa saa mbili, na pesa zikaenda kwingine kwa sababu kijiji jirani kilileta watu 40.

Alhamisi kuna kikao kingine, saa nne. Nitakushikia kiti. Njoo na wale wa stendi, na mmoja wenu abebe kalamu, maana macho yangu hayasomi tena hizo tarakimu ndogo. Sasa kunywa chai, imepoa.