Deni na Amana: Je, Mdaiwa Anyimwe Kazi?

Vijana wetu wengi wa pwani huenda bara kutafuta riziki, na miongoni mwa miji wanayoikusudia ni Kitengela, katika kaunti ya Kajiado. Huko, kama kwengineko Kenya, mwombaji kazi aghalabu hutakiwa kutanguliza vyeti: cha polisi, cha kodi, cha mkopo wa masomo, na cheti cha ofisi za kumbukumbu za mikopo, ziitwazo CRB, kwamba hana deni lililomshinda kulipa. Nasi twauliza: deni ni ushahidi wa nini juu ya mtu?

Wenye kuitetea desturi hii wanayo hoja, wala si haki kuidharau. Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na deni, na alipoulizwa sababu alieleza kuwa mdaiwa husema uwongo, na huahidi akavunja ahadi. Basi mwajiri akisema, "Nitamkabidhi vipi mtu huyo sanduku langu la fedha?" hakusema upuuzi.

Lakini Mtume huyo huyo, ambaye watu wa Makka walimwita Al-Amin, alifariki hali deraya yake i rehani kwa Yahudi kwa ajili ya shayiri. Na dini yetu imepambanua wadaiwa wawili: mwenye uwezo acheleweshaye kulipa, huyo ni dhalimu; na mwenye dhiki, ambaye Suratul Baqara yaamrisha apewe muhula. Daftari la CRB halijui tofauti hiyo. Laandika kuwa fulani hakulipa. Haliandiki kuwa aliachishwa kazi, au kuwa mamake alilazwa hospitali. Kanuni za mwaka 2020 zimeliacha nje deni lisilofika shilingi 1,000, lakini kwa mikopo hii ya simu kiasi hicho chavukwa kwa siku moja ya shida. Hata aliyekwisha kulipa, doa lake hubaki daftarini miaka 5. Tena mdaiwa afungiwa mlango wa kazi, kisha aambiwa alipe. Alipe kwa kitu gani?

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yakataza kumbagua mtu kwa rangi, jinsia, dini, ulemavu na mengineyo, deni halimo. Badiliko la mwaka 2022 lilimkataza mwajiri kudai vyeti ila akiwa amekusudia kuandikiana mkataba na mtu huyo. Ni hatua njema, lakini ni mpaka wa wakati tu. Katika jimbo la Illinois, Marekani, sheria ya mwaka 2010 yamzuia mwajiri kutazama mikopo ya mwombaji, ila kwa kazi kama za kushika fedha. Twaona huo ndio mpaka ulio karibu na uadilifu. Mhazini na aulizwe, na apewe nafasi ya kujieleza. Ama mwenye kufagia kiwanda, deni lake lamhusu nini mwenye kiwanda?

Wala tusiwalaumu watu wa bara peke yao. Matajiri wa maduka humu mjini mwetu hawana haja ya CRB, huuliza barazani, "Fulani adaiwa na nani?" na kijana huhukumiwa pale pale, naye hayupo.