Kuacha Kazi si Kukimbia Kazi

Wazee wetu walisema ya kuwa mchagua jembe si mkulima. Neno hili tumelisikia tangu utoto, nasi tumelitumia mara nyingi, pengine kupita kiasi. Kijana akiacha ushonaji ili ajifunze useremala, twamwambia, Mchagua jembe si mkulima. Mwalimu akiacha darasa akaenda kulima kahawa, twamwambia neno lilo hilo. Tukiisha kulisema, twadhani tumekwisha kuhukumu, na shauri limefungwa. Mwezi huu twataka kulifungua tena, tukiuliza hivi: Mtu mwenye kazi anayoiweza, tena anayosifiwa kwayo, akiiacha kwa hiari yake ili aanze nyingine ambayo ndani yake yeye ni mwanafunzi tu, je, amekosa?

Tumechagua mfano wa mbali, kwa sababu jirani hutazamwa kwa upendo au kwa wivu, bali mgeni ni rahisi kumpima kwa haki. Habari ya jirani itafuata mwishoni.

Yuko Mmarekani mmoja aitwaye Andrew Talansky, aliyezaliwa mwaka 1988. Kazi yake ilikuwa kushindana kwa baiskeli, naye alilipwa mshahara kwa kazi hiyo kama karani alipwavyo kwa kalamu yake. Msomaji asidhani ya kuwa huo ni mchezo wa watoto. Mashindano yaliyo makuu kuliko yote, yaitwayo Tour de France, yalianza mwaka 1903. Huchukua majuma matatu, na wapandaji huenda zaidi ya kilomita 3,000, wakivuka milima ya Alps na ya Pyrenees. Mwaka 2013 Talansky alimaliza mashindano hayo akiwa wa 10. Juni 2014 alishinda Critérium du Dauphiné, mashindano ya siku 8 katika nchi iyo hiyo ya Ufaransa, akimtangulia Alberto Contador wa Hispania, mtu mwenye jina kuu kuliko lake. Mwaka 2016 alikuwa wa 5 katika mashindano makuu ya Hispania. Basi Septemba 2017, akiwa na umri wa miaka 28 tu, alitangaza kwamba anaacha. Muda si muda watu wakapata habari kwamba anaingia katika triathloni ya masafa marefu.

Yafaa tueleze kazi hiyo mpya ni kazi gani. Triathloni ni mashindano ya michezo mitatu kwa mfululizo: kuogelea, kupanda baiskeli, na kukimbia. Ile ya masafa marefu humtaka mtu aogelee kilomita 3.8, apande baiskeli kilomita 180, kisha akimbie kilomita 42, yote kwa siku moja. Ilianza katika kisiwa cha Oahu, huko Hawaii, kwa ubishi. Watu walikuwa wakibishana nani aliye na mwili wenye nguvu zaidi, mkimbiaji au mwogeleaji. Afisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, akawakumbusha kwamba yuko na mpanda baiskeli, Eddy Merckx wa Ubelgiji, ambaye habari za nguvu za mapafu yake zilikuwa zimeandikwa. Wakakubaliana kuyaunganisha mashindano yote matatu yaliyokuwapo kisiwani pale. Februari 1978 watu 15 walianza, na 12 walimaliza. Wa kwanza wao, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46.

Sasa na tuwasikilize wanaomlaumu Talansky, maana si haki kuhukumu kabla ya kusikia pande zote. Wa kwanza asema: Mtu huyu alipewa kipawa, akakizoeza kwa miaka mingi, akakiweka kando wakati kilipokuwa kinazaa. Wa pili asema: Mpanda baiskeli si wake mwenyewe, ni wa timu. Wenzake humtangulia ili kumkingia upepo, humletea maji, humpa hata gurudumu lao lake likiharibika. Je, wote hao aliwaachia nani? Wa tatu asema: Aachaye leo ataacha na kesho, maana mguu uliozoea kuondoka hausahau njia.

Maneno haya hayakosi uzito. Nasi tusingethubutu kuyajibu kama tusingejua habari moja ya mtu huyu, iliyotokea miaka mitatu kabla hajaacha.

Ilikuwa tarehe 16 Julai 2014, siku ya 11 ya Tour de France, njia ya kutoka Besançon kwenda Oyonnax. Katika siku zilizotangulia Talansky alikuwa ameanguka vibaya, na mgongo ulimwuma sana. Siku hiyo wenzake wote walimwacha nyuma, akawa peke yake barabarani, magari yakimfuata polepole. Ikafika saa asiyoweza tena. Akashuka, akaketi juu ya ukingo wa chuma ulio kando ya barabara, machozi yakimtoka, na watu wakidhani ya kuwa amekoma hapo. Kiongozi wa timu yake akashuka garini akasema naye. Baada ya kitambo akainuka, akapanda tena baiskeli, akaenda peke yake kilomita nyingi za milima hata Oyonnax. Alifika dakika 32 baada ya mshindi, katika muda ambao sheria ilikuwa bado yamruhusu. Na asubuhi yake hakuanza tena, kwa sababu mwili ulikuwa umekataa kabisa.

Mtu aweza kuuliza: Faida gani? Kama alikuwa wa kuacha asubuhi, kwa nini asiache jioni pale penye ukingo, akajiokolea maumivu ya safari yote ile? Kwa hesabu ya mashindano hakupata kitu. Lakini sisi twaona alipata jambo moja lisilohesabiwa kwa dakika. Hakukubali saa ile ya maumivu imwamulie. Aliimaliza kwanza kazi ya siku, akalala, na kulipokucha akaacha kwa shauri lililotulia, kwa sababu inayoweza kutajwa mbele ya watu bila haya. Penye ukingo wa barabara si mahali pa kuamua. Hapo mtu huona maumivu tu, na maumivu hayajui shauri lo lote ila moja: Shuka.

Hapa ndipo tunapoona tofauti tuliyokuwa tukiitafuta. Kukimbia kazi ni kuondoka kwa sababu ya kile kinachotuuma mahali tulipo. Kuacha kazi ni kuondoka tukiwa twaweza kukaa. Kwa macho ya watu mambo haya mawili yafanana sana, kwa kuwa katika yote mawili nyumba hubaki tupu. Lakini moyoni ni mbali kama mashariki na magharibi. Mtu aliyeinuka penye ukingo ule mwaka 2014 hawezi kuambiwa kwa wepesi kwamba mwaka 2017 alikimbia taabu.

Tena tuangalie alikokwenda. Akimbiaye taabu hutafuta kivuli, wala hatafuti jua kali zaidi. Kazi mpya ya mtu huyu haikuwa kivuli. Baiskeli humbeba mwenye kuipanda, na kiti chake huchukua uzito wake. Bali mkimbiaji, kwa kila hatua, mguu wake hupokea mara mbili au mara tatu ya uzito wa mwili, na mifupa ya mpanda baiskeli haikuzoea kugongwa hivyo. Maji nayo ni mazito kuliko hewa karibu mara 800. Nguvu pasipo ufundi hupotea humo bure, na mtoto aliyelelewa majini humpita shujaa wa milima. Tena, katika baiskeli ya timu mtu hujificha nyuma ya mwenzake apate kupumzika na upepo, bali katika triathloni hii sheria yakataza kumfuata mwenzako kwa karibu. Kila mtu huukabili upepo wake mwenyewe. Wazee walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jambo hili limeonekana wazi kwa mtu mwingine, Cameron Wurf wa Australia. Huyu kwanza alikuwa mpiga makasia, akaiwakilisha nchi yake katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004. Kisha akawa mpanda baiskeli wa mshahara. Kisha akaingia triathloni. Mwaka 2017, katika mashindano makuu ya Hawaii, alizipita kilomita zile 180 za baiskeli kwa saa 4 na dakika 12, upesi kuliko wote waliomtangulia tangu mwanzo. Mwaka 2018 akairudia njia ile kwa saa 4 na dakika 9. Je, alishinda? La. Mara ya kwanza alikuwa wa 17, mara ya pili wa 9, kwa kuwa aliposhuka baiskeli na kukimbia, wenye miguu walimpita. Kazi yake ya zamani ilimpa heshima ya saa nne, kisha ikamwacha mlangoni pa kazi mpya kama mwanafunzi ye yote. Hakuchukizwa, mwaka 2019 alikuwa wa 5. Na mwaka 2020 timu kubwa ya baiskeli, Ineos, ilimwajiri, wala hakuiacha triathloni. Basi yule asemaye ya kuwa kipawa kilichowekwa kando kimepotea, na atazame hapa. Alichojifunza mtu kwa jasho humfuata aendako.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Twadhani kuinama huku ndiko kipimo cha pili. Aliye mkubwa katika kazi yake, akikubali kuwa mdogo katika nyingine, akafundishwa na vijana, akapitwa mbele ya watu waliomjua zamani, huyo hatafuti sifa, kwa kuwa sifa alikuwa nazo alikotoka.

Kwa habari ya timu, hapa wanaolaumu wana haki yao, nasi hatutaki kuipunguza. Hakuna kazi ya mtu mmoja. Aliyekingiwa upepo ana deni. Lakini deni halilipwi kwa kukaa milele. Hulipwa kwa kufanya kazi yote uliyoahidi, kwa kusema mapema, na kwa kutowaacha wenzako njiani usiku. Aliyefanya hayo, na afunguliwe, aende kwa amani.

Sasa tuje kwa jirani, kama tulivyoahidi. Miaka iliyopita walitujia walimu wawili wa shule yetu, kila mtu kwa wakati wake. Wa kwanza alikuwa mwalimu mzuri kuliko wote tuliokuwa nao. Alituambia kwamba kwa muda mrefu moyo wake umekuwa katika useremala, naye ataka kwenda kujifunza. Tulikasirika. Tukamjibu kwa ile mithali, Mchagua jembe si mkulima, wala hatukumwuliza neno lo lote zaidi. Hakutujibu. Alikaa mwaka mzima mpaka mwalimu mwingine akapatikana, akamwonyesha madaftari yote na kumtajia watoto wenye shida mmoja mmoja. Ndipo akaenda kukaa benchi moja na vijana wa miaka 16, yeye akiwa na miaka 35, wakimcheka alivyoshika randa. Wa pili alichoka na watoto siku ya Jumatano. Alhamisi hakuonekana, na ufunguo wa darasa uliondoka mfukoni mwake. Huyu naye, tulipokutana naye mjini, tulimwambia mithali ile ile.

Basi kosa lilikuwa letu. Watu wawili walifanya mambo yasiyofanana, nasi tukawapa hukumu moja, kwa sababu mithali ilikuwa tayari kinywani, na kufikiri kulikuwa na taabu. Yule wa kwanza leo ametengeneza madawati ambayo watoto wetu wanayakalia. Tulikwenda kwake, tukamwomba radhi. Alicheka, akasema ya kuwa hata yeye usiku mwingi alijiuliza swali lile lile tulilomtupia, na jibu alilipata polepole tu, katika mwaka ule wa kungoja.

Mithali haina kosa, ikieleweka vema. Mchagua jembe ni yule alaumuye mpini leo na makali kesho, ili shamba lisilimwe. Lakini aliyemaliza shamba lake, akaliweka jembe mahali pake, akaenda kuomba shamba jingine lililo gumu zaidi, huyo hakuchagua jembe. Huyo ni mkulima.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama na wewe wafikiri kuiacha kazi yako, hatutakuzuia, wala hatutakuhimiza. Twakusihi tu ujiulize mambo matatu. Je, ungeweza kukaa, au unakimbia? Je, umekwisha kulipa deni la waliokukingia upepo? Na huko uendako, u tayari kuwa mdogo? Usijibu ukiwa umeketi penye ukingo wa barabara. Maliza kwanza safari ya leo, ulale, kisha ujibu asubuhi.

Na kama si wewe unayeondoka, ila ni mwenzako aliyekuja kukuaga, basi mwulize kabla hujamtolea mithali. Sisi hatukuuliza, na ilitugharimu miaka ya urafiki.