Pete ya Wonder Man Haikumwokoa Victor Fox

Mwaka 1938 vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zote za shujaa waliyembuni kwa dola 130. Shujaa huyo alikuwa Superman, na walionunua ni wachapishaji waliokuja kujulikana kama DC. Jarida lililomleta duniani, Action Comics, likauzwa kama njugu, na mchapishaji mwingine wa New York, Victor Fox, akaanza kuumezea mate utajiri ule.

Fox akamwagiza shujaa wake kwa Will Eisner na Jerry Iger, waliokuwa wakichora katuni kwa oda. Wonder Man akatokea katika toleo la kwanza la Wonder Comics, la Mei 1939. Kwa kawaida ni Fred Carson, fundi wa redio mpole hadi wa kudharauliwa. Hatari ikizuka, anavua nguo za kila siku na chini yake kuna vazi la kubana kama la mwanasarakasi. Risasi zinamgonga na kudondoka. Bunduki anaiponda kwa viganja. Majengo anayaruka. Tofauti ni kwamba nguvu zake zilitoka kwenye pete aliyopewa na mzee wa Tibet, na vazi lake lilikuwa jekundu, la Superman bluu. Pete na rangi: Fox alidhani hayo yanatosha.

DC hawakungoja toleo la pili, wakashtaki. Jaji aliyesikiliza kesi alikuwa John Woolsey, yuleyule aliyeiruhusu riwaya ya Ulysses kuingia Marekani mwaka 1933, kwa hiyo si mtu wa kukurupuka kuzuia maandishi. Akawapa DC ushindi. Fox akakata rufaa, akidai kwamba wababe wa kusimuliwa wapo tangu enzi za Hercules. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga, na Jaji Augustus Hand aliikubali nusu yake: hakuna anayeweza kulimiliki wazo la mtu mwenye nguvu anayesaidia wanyonge. Lakini Fox hakuchukua wazo tu. Alichukua picha, vituko na mpangilio wa Superman, kimoja baada ya kingine. Aprili 1940 akashindwa tena. Wonder Man aliishi toleo moja.

Eisner, aliyekuwa na umri wa miaka 22 wakati wa kesi, alisimulia uzeeni kwamba alipofika kizimbani alisema ukweli: Fox alimtaka aige. Ni hadithi tamu, na wengi waliirudia. Kumbukumbu za kesi zilipotolewa hadharani mwaka 2010 zikaonyesha kinyume: alimtetea Fox. Simlaumu sana kijana aliyemtegemea mteja kwa riziki yake, ila mchoraji yeyote anayepokea oda ya “nichoree kama yule” ajue kwamba kizimbani ataitwa yeye, si mteja peke yake.

Fox hakuwa hata na utetezi wa kusema alikuwa akitania. Wonder Man hachekeshi wala hamsemi Superman kwa lolote. Anakula tu katika sahani ya Superman. Mwaka 1953 ndipo ulipotokea utani wa kweli. Jarida la Mad, toleo la nne, lilichapisha “Superduperman” ya Harvey Kurtzman na mchoraji Wally Wood. Wakati huo DC walikuwa wameiburuza kampuni ya Fawcett mahakamani tangu 1941, wakidai Captain Marvel ni wizi wa Superman, na mwaka huohuo wa 1953 Fawcett wakakubali kulipa na kuacha kumchapisha. Kurtzman aliichukua vita hiyo na kuigeuza kichekesho: shujaa mwenye majivuno anapigana na Captain Marbles, na anamshinda kwa kumfanya ajipige ngumi mwenyewe. Wachapishaji wa Superman walitishia kushtaki. Mad hawakuacha, toleo la nane likamgeukia Batman. Kila mstari wa “Superduperman” ulikuwa na neno la kusema kuhusu Superman mwenyewe: kiburi chake, na wivu wa wenye mali yake.

Lakini kicheko nacho kina kipimo. Mwaka 1971, San Francisco, Dan O’Neill na wenzake walimchora Mickey Mouse akifanya ngono na kutumia dawa za kulevya, katika jarida la Air Pirates Funnies. Dhihaka ilikuwapo, tena kali. Disney wakashtaki, na mwaka 1978 mahakama ya rufaa ikasema wachoraji walichukua sura ya Mickey kupita kiasi kilichohitajika kumkumbusha msomaji ni nani anayechekwa. Umaarufu wake uliwaponza: anayejulikana na kila mtu hutambulika kwa alama chache, kwa hiyo kumnakili mzimamzima hakuna udhuru. Waliiga kwa ufundi mno.

Kipimo kingine cha mahakama ni shabaha ya kicheko. Mwaka 1997 kitabu kilichosimulia kesi ya mauaji ya mwanamichezo O. J. Simpson kwa mtindo wa Dr. Seuss, mtunzi wa vitabu vya watoto, kilizuiwa, kwa kuwa kilimcheka Simpson, huku kikiazima kofia ya paka wa Seuss ili kivutie macho. Miaka mitatu kabla, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imekubali kwamba dhihaka inaweza kuwa matumizi halali hata ikiuzwa, mradi iseme jambo kuhusu kazi iliyoazimwa.

Hizo ni hukumu za Marekani, na kila nchi ina sheria yake. Mchoraji asome ya kwao kabla ya kuuza. Asiyekuwa na la kusema kuhusu Superman na asubiri. Hadithi ile ya kwanza itakuwa huru Marekani tarehe 1 Januari 2034, nayo itaachia kilichomo ndani yake tu: Superman anayeruka juu kwa miguu, asiyejua bado kupaa.