Hatukuja Kukaa

Ndugu msomaji, swali ninalotaka kulizungumza leo lilinifikia jikoni, na chanzo chake kilikuwa kopo la aiskrimu. Usicheke mapema.

Tulihamia mji wa Leicester, Uingereza, mwaka 1999, mimi, mke wangu na watoto wawili, tukitokea Mombasa. Nyumba ilikuwa ya kupanga, yenye kabati mbili ndogo za jikoni na sakafu inayotoa unyevu. Kwetu Mombasa chombo cha kuwekea vitu hakikuwa jambo la kutafutwa. Debe lilikuwapo kabla hatujazaliwa. Mafuta yakiisha lilioshwa likatiwa mchele. Mtungi ulikuwa wa bibi, kasha lilikuwa la mama yake bibi. Mtu akioa, vyombo vilikuja na biharusi, vingine vikatoka kwa mashangazi, na hakuna aliyejiuliza vimetoka wapi. Ugenini tulikuta kwamba hata kopo la kutilia chumvi lina bei yake, wala hatukujua lauzwa duka gani. Mke wangu alikwenda madukani kutafuta mfano wa debe, akarudi mikono mitupu. Unga wa kule huuzwa katika mfuko wa karatasi wa kilo 1.5, nao ukishapasuliwa haufungiki tena. Sisi watu wa chapati tulinunua gunia la kilo 10 kwa Wahindi, tukalisimamisha pembeni mwa kabati.

"Bwana," mke wangu akaniambia, "twataka vyombo vya kutilia vitu. Vyenye vifuniko."

Nikamjibu kwa maneno mawili ambayo niliyatumia kwa muda wa miaka minne: hatukuja kukaa. Mwakani, Mungu akipenda, twarudi. Ya nini kununua vitu vya kuachia watu?

Gunia likaingia wadudu. Tukalitupa, tukanunua jingine, nalo likaingia wadudu. Mke wangu, mwanamke mwenye subira, akaanza kukusanya makopo ya plastiki ya aiskrimu, akayaosha, akatia humo kila kitu: dengu, chumvi, sukari, hiliki, mchele. Makopo yote yalikuwa ya rangi moja na picha moja. Yeye aliyajua kwa kuyashika. Siku moja boksi la sabuni ya unga lilirowa sakafuni, akaimimina sabuni ile katika kopo lililokuwa tupu.

Binti yetu alikuwa na miaka sita. Alitaka kujitengenezea maziwa kama mtu mzima, akatia vijiko viwili vya sukari ambayo haikuwa sukari. Tulimkimbiza hospitali usiku ule, povu linamtoka, koo linamchoma. Muuguzi aliniuliza kwa upole kabisa: chombo kile kilikuwa kimeandikwa nini? Nikamwambia, kimeandikwa aiskrimu. Hakusema neno. Mtoto alilala pale hadi asubuhi, akatoka salama, alhamdulillahi.

Basi usiku ule, nimeketi juu ya kiti cha hospitali, nilianza kujiuliza kosa ni la nani. Mawazo yangu ya kwanza, naona haya kuyaandika, yalikwenda kwa mke wangu.

Mimi nilikuwa nimejisadikisha kwamba katika neno lile la "hatukuja kukaa" mna ucha Mungu. Nani asiyeijua hadithi ya Ibn Umar, ambamo Mtume (S.A.W.) alimshika bega akamwusia aishi duniani kama mgeni au mpita njia? Nikajiona ndimi huyo mpita njia. Wenzangu walikuwa wakijaza majokofu na vyumba, mimi nina masanduku mawili juu ya kabati, tayari kwa safari. Zuhudi, nilidhani.

Lakini hebu mtazame mpita njia wa kweli. Bedui anayevuka jangwa hafungi kiriba chake ovyo; akikifunga ovyo atakufa kwa kiu. Ni yeye, kuliko mkaa mjini, anayejua thamani ya kifuniko. Na Mtume huyo huyo, katika hadithi ya Jabir, aliamrisha vyombo vifunikwe usiku na viriba vifungwe midomo, hata kama mtu hana cha kufunikia ila kijiti cha kulaza juu ya chombo. Dini iliyoshughulika na kifuniko cha chombo cha maskini haiwezi kufanywa hoja ya kuacha unga wazi hadi ukaliwa na wadudu. Nilitupa kilo ishirini za unga, nikaliita jambo hilo kutoipenda dunia!

Na kuna lililo zito zaidi. Zuhudi ni kuacha kilicho chako. Mimi niliacha kilicho cha mtu mwingine. Sisi watu wa pwani ni Mashafii, na Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa katika darsa zetu vizazi kwa vizazi, anapotaja haki za mke juu ya mumewe anataja pia vyombo vya kulia, vya kunywea na vya kupikia, na katika mifano yake mna chungu, bakuli, na mtungi. Nilikisoma mlango huo ujanani mbele ya mwalimu, nikaupita mbio kwa sababu sikuona la kujadili: nani atamnyima mke mtungi? Kumbe ni mimi. Mke wangu alikuwa akiidai haki yake kwa sauti ya chini, nami namjibu kwa maneno ya akhera.

Mtu atasema: lakini kutamani kurudi kwenu si dhambi. Kweli, si dhambi. Muhajirina walipofika Madina waliugua homa, na Bilal katika homa yake alikuwa akiitaja kwa uchungu mabonde na mimea ya Makka. Hakukemewa. Ila tazama Mtume alivyoomba alipoletewa habari yao. Aliomba wapendezeshwe Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, afya yake itengenezwe, homa yake iondolewe, na wabarikiwe katika saa yake na mudi yake. Saa ndiyo pishi, na mudi ni kibaba. Watu wamelala wanalilia kwao, naye anawaombea baraka katika vipimio vya nafaka vya mji ule waliomo! Nimeisoma hadithi hii katika Bukhari mara nyingi, na sikupata kuona kwamba kibaba kimo ndani yake mpaka nilipokaa miaka minne katika nyumba isiyo na kibaba.

Nadhani nilichokuwa nacho mimi kilikuwa namna ya kiburi. Kununua debe ni kukiri: hapa ndipo ninapokula, hapa ndipo wanangu wanapokua. Sikutaka kukiri. Nilitaka maisha ya Leicester yahesabiwe kuwa si maisha, ila kusubiri. Lakini mtoto hasubiri kuwa na miaka sita mpaka baba yake arudi kwao.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda wote wawili katika soko la vitu vilivyotumika. Mke wangu alichagua chupa kumi na mbili za kioo zenye midomo mipana na vifuniko vya kubana, na mapipa mawili ya plastiki ya unga. Bibi mmoja Mwingereza aliyetuuzia chupa akatuambia bila kuulizwa kwamba marehemu mumewe alitengenezea mvinyo ndani yake. Tukatazamana. Suala hili lina jibu la zamani: Abu Tha'laba al-Khushani aliuliza juu ya vyombo vya Watu wa Kitabu, akaambiwa asivitumie akipata vingine, na asipopata avioshe avitumie. Nyingine zenye bei ile hatukupata. Tulizichemsha mara tatu, ingawa mara moja ingetosha. Mara mbili za ziada zilikuwa za moyo wa mke wangu.

Siwatetei wanaojaza. Nawajua walio na majokofu matatu na gereji isiyoingia gari kwa wingi wa mchele. Wao na mimi tuna ugonjwa mmoja wa kutouamini mji tuliomo.

Machi 2020, maradhi ya Korona yalipoingia, unga ulitoweka madukani Uingereza nzima. Jambo la ajabu, vinu vilikuwa na unga. Lakini kiasi cha asilimia 4 tu ya unga wa nchi ile ndicho kilichokuwa kikipitia madukani. Uliobaki ulikwenda kwa waoka mikate na viwandani kwa magunia makubwa na magari ya matangi, na mitambo ya kujaza mifuko midogo ya majumbani haikuweza kuhimili haja ya ghafla. Unga upo, chombo hakipo. Mwanangu alipata magunia mawili ya kilo 16 kwa mwoka mikate. Mke wangu akayamimina katika mapipa yake, akapima kwa kibaba alichokuwa ametumiwa kutoka Mombasa, na mtaa wetu ukala chapati na mikate wiki mbili. Bibi jirani, mwenye miaka zaidi ya themanini, alileta bakuli lake mlangoni akaliweka chini na kurudi nyuma hatua tatu, kama tulivyoamriwa sote wakati ule.

Yale masanduku mawili bado yako juu ya kabati. Sijayashusha, na mke wangu hayaulizi.

Binti yetu ameolewa, anakaa Birmingham. Alipohama, mamake alimpa chupa nne katika zile kumi na mbili. Nilimkuta mezani anakata vipande vya karatasi vya kubandika. Cha kwanza alichokiandika, kwa herufi kubwa, kilikuwa SUKARI.