Haki ya Maji Katika Nchi Kavu

Swali tunalotaka kulichunguza hapa ni jepesi kuulizwa na zito kujibiwa. Mtu aliyechimba kisima kwa jasho lake, katika nchi ambamo mvua hukosekana miezi saba au zaidi kwa mwaka, je, ana haki ya kumrudisha mgeni aliyefika na kundi la ng'ombe wenye kiu?

Wengi wetu tuliokulia karibu na mto au bomba hujibu upesi kwamba maji ni ya Mungu, na kumnyima kiumbe maji ni dhambi. Jibu hilo ni jema, wala hatulidharau. Lakini wako watu waliolifikiria swali hili kwa vizazi vingi kwa sababu maisha yao yalilitegemea: Wamaasai wa Longido, Monduli na Simanjiro, Wabarabaig wa Hanang, na Waborana wa kaskazini ya Kenya na kusini ya Ethiopia. Jibu lao lina pande nyingi kuliko letu, na yafaa tuwasikilize kabla ya kuhukumu.

Kwanza, wao hawasemi "maji" kwa jumla. Maji ya mvua yaliyotuama bondeni hayakutengenezwa na mtu, kwa hiyo kila apitaye hunywesha. Kisima kilichochimbwa ni jambo jingine, kwa maana mna kazi ndani yake, na kazi hiyo huwa ya ukoo kwa vizazi. Tena hutofautisha kiu ya mtu na kiu ya kundi. Msafiri akiomba kunywa, au mama akija na kibuyu chake, hawarudishwi. Kundi la mifugo ndilo linalosubiri idhini. Miongoni mwa Waborana viko visima vya kale viitwavyo tula, virefu mno hata maji hupandishwa na safu ya vijana waliosimama mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana ndoo huku wakiimba ili mikono isipishane. Kisima kina mlezi wake kwa ukoo, aitwaye konfi, na yuko msimamizi wa zamu, aba herega, ambaye kazi yake ni kujua leo ni siku ya kundi la nani. Mgeni huomba, akikubaliwa hupewa nafasi ya nyuma, na vijana wake hushuka kisimani kushika ndoo kama wenyeji.

Kwa nini utaratibu mkali namna hiyo? Jibu liko katika hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa sekondari aweza kuifanya. Ng'ombe anayenyweshwa kila siku hana budi kurudi kisimani kila siku, kwa hiyo malisho yake hayawezi kuwa mbali. Tuseme aweza kwenda kilomita 8 tu. Duara la malisho yake ni kama kilomita za mraba 200. Akizoezwa kunywa siku moja na kuruka ya pili, umbali aweza kuufanya kilomita 16, na duara likawa kilomita za mraba 800 hivi. Umbali umeongezeka maradufu, majani yameongezeka mara nne. Wafugaji wa nyanda hizi wamefanya hivyo tangu kale wakati wa kiangazi, na Waborana huruka hata siku mbili. Ng'ombe wetu wa nundu huvumilia. Anaponyimwa maji hula kidogo na kutumia nguvu kidogo. Uchunguzi uliofanywa kusini ya Ethiopia katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba hasara yake ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa na wataalamu. Mchungaji asiyejua kusoma alikuwa ameshika kanuni ya duara barabara.

Hapa ndipo tunapoona kwamba mwenye zamu halindi maji peke yake. Analinda majani. Anayetawala kisima anatawala idadi ya midomo itakayolisha katika duara lake, na ukame huua ng'ombe kwa njaa kabla ya kuwaua kwa kiu. Serikali ya kikoloni haikulielewa hilo ilipochimba visima na malambo katika Umasai chini ya mpango wa maendeleo wa miaka ya 1951 hadi 1955. Nia ilikuwa njema. Lakini palipokuwa na maji ya mwaka mzima yasiyo na mwenyewe, kila mtu alileta kundi lake, wala hapakuwa na mzee wa kusema "bado". Ardhi iliyozunguka maji hayo ikakanyagwa ikawa vumbi. Ukame wa mwaka 1960 na 1961 ulipofika, mifugo isiyohesabika iliangamia.

Kosa la pili latokana na lilo hilo. Malisho ya kiangazi huachwa wakati wa mvua ili majani yakomae. Wamaasai huyaita alalili, na Wasukuma wana ngitili yao. Mtu apitaye mwezi wa Machi huona pori tupu, akaandika katika daftari yake: ardhi haitumiki. Huko Hanang, kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa katika nyanda zenye rutuba ambazo Wabarabaig walizitumia kwa majira. Nchi ilihitaji ngano, hatukatai. Hata hivyo mizani haikuwa sawa, maana upande mmoja ulipimwa kwa magunia na upande wa pili ulihesabiwa kuwa si kitu.

Shinyanga ilijifunza kwa gharama. Vichaka vilifyekwa enzi za ukoloni ili kumfukuza mbung'o, pamba ikaenea, na katika miaka ya 1974 hadi 1976 kaya nyingi zilihamishiwa vijijini zikaziacha ngitili zao nyuma. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, mkazo wa awali ulikuwa kuotesha miche katika vitalu. Baadaye ikabainika kwamba wazee wakifunga eneo kwa desturi yao, mizizi iliyolala ardhini huchipua yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimefikia zaidi ya hekta 300,000.

Je, basi, turudi kwenye swali letu na kusema kwamba kumnyima mgeni ni haki? Tusiharakishe. Yako mambo katika desturi hizi ambayo hatuwezi kuyasifu. Mama ndiye anayejua kina cha maji kila asubuhi, kwani ndiye ayachotaye, lakini katika baraza la kugawa zamu mara nyingi hakuwa na neno. Na wako siku hizi matajiri wenye pampu za mafuta na seng'enge, wanaofunga kisima kwa faida yao na kusema ni mila.

Sisi twaona kwamba hawa wa mwisho wamechukua ganda la mila wakatupa kiini. Mvua ya nyika hunyesha kwa viraka. Mwaka huu hapa, mwakani kwa jirani. Mzee aliyesema "bado" alijua kwamba mwaka ujao yeye ndiye atakayesimama na kundi lake mlangoni pa mwingine, akingoja kusikia neno lilo hilo. Haki yake ya kukataa ilisimama juu ya utayari wake wa kuomba na kukubali kukataliwa. Mwenye pampu hatarajii kumwomba mtu, na kwa sababu hiyo, kwa maoni yetu, haki ile hanayo, hata kama kisima ni chake kwa hati.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamika kwamba shule zetu zilithamini elimu ya vitabuni na kupuuza maarifa ya wazee. Miaka mingi imepita, na bado mtoto wa mfugaji huingia darasani akijua kuhesabu siku za kiu za kundi, asiulizwe kitu. Mwalimu wa jiografia anayefundisha katika wilaya kavu aweza kuanza kesho, bila kitabu kipya wala fedha. Awatume wanafunzi nyumbani na maswali machache. Kisima cha karibu kilichimbwa na nani? Kundi la nani hunywa siku ya kwanza, na kwa nini? Ni lini mara ya mwisho mgeni aliambiwa "bado", naye alikwenda wapi?