Amana Isiyo na Uzito

Diski ngumu inayokaribia kufa hutoa mlio. Tik, tik, kimya kidogo, halafu tik tena, na gemu inaganda kwa muda kabla ya kuendelea. Mashine yangu moja ya PlayStation 4 imeanza kulia hivyo katika chumba changu cha gemu hapa Mbugangari, upande wa Gisenyi, Rwanda, unaopakana na Goma ya Kongo. Kwa wenye biashara wengine jambo hili ni la fundi na bei: unafungua kifuniko, unatoa diski ya zamani, unaweka mpya. Kwangu limekuwa suala la dini, na nimelifikiria kwa uzito uleule ninaoupa mkopo au mirathi, kwa kuwa ndani ya diski hiyo kuna kitu cha mtu.

Mwenyewe ni kijana wa Birere, mtaa wa Goma unaogusana na mpaka. Mama yake alikuwa akivuka mpaka pale Petite Barrière kuja kununua karoti na nyanya za kwenda kuuza kwao, na kijana akija naye, akiingia kwangu wakati mama akizunguka sokoni. Katika FIFA 22, ambayo kwa mara ya kwanza katika mfululizo ule ilimruhusu meneja kuunda klabu yake mwenyewe, aliunda klabu akaiita Birere. Aliichagulia jezi, nembo na uwanja, akaiingiza katika ligi ya Uingereza, akaanza kulea vijana wa akademi mmoja mmoja. Sijaona mtu mzima anayesimamia duka lake kwa umakini ule. Na kwa kuwa tangu mwaka 2022 mpaka ulianza kufungwa saa tisa alasiri, aliondoka mara nyingi mechi ikiwa katikati ya ratiba ngumu. Alisevu, akaweka maneti, yaani padi ya kuchezea, juu ya meza, akasema: "Yaya, unichungie timu yangu." Nami nikajibu, "Nitaichunga."

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma. Tarehe 27 mabomu yalivuka mpaka yakaua watu hapa kwetu wilayani Rubavu, nasi tukakimbilia juu, mbali na mpaka. Tangu hapo sijamwona kijana yule wala mama yake. Namba aliyokuwa akinipigia haipatikani.

Basi swali langu ni hili: lile neno "nitaichunga" lilinifunga? Vitabu vya fikihi vina mlango mzima wa amana, na ndani yake mambo mawili yako wazi. La kwanza, anayeweka kitu akisema "nitunzie", na anayepokea akasema "ndiyo", wamekwisha kufunga mkataba. Karatasi si sharti. La pili, mpokeaji hadaiwi fidia kitu kikiharibika bila uzembe wake, lakini akizembea hudaiwa. Hili la pili ndilo linalonikosesha usingizi. Diski ingekufa ghafla, ningesema ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Ila mimi nimeusikia mlio. Tangu niusikie, kila siku ninayoacha ipite bila kufanya kitu ni siku ya uzembe, na ujuzi wangu wa kazi hii unanishitaki zaidi kuliko ambavyo ungemshitaki mtu asiyejua maana ya mlio ule.

Nilimpelekea suala hili mwalimu aliyenisomesha madrasa nilipokuwa mdogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama huo si upuuzi tu. Mchezo ni mchezo, na Siku ya Hesabu mtu ataulizwa umri wake aliumalizia wapi. Hoja yake ni nzito na siidharau. Nikamwambia: mtoto akikuachia mpira wa matambara aliousokota mwenyewe, nao sokoni hauna bei, je, inajuzu kuutupa jalalani? Alinyamaza, kisha akasema hapana, ni mali ya mtoto. Kama ni hivyo, thamani sokoni siyo inayoifanya amana iwe amana. Kurani, katika Sura An-Nisaa aya ya 58, inaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe, na sioni humo kipimo cha uzito wala bei. Kijana yule alitia humo saa zake, subira yake na ubunifu wake. Kama alizitumia vibaya, hesabu hiyo ni yake na Mola wake. Yangu ni kurudisha nilichopewa.

Hapo ndipo kulinganisha vyombo vya kuhifadhia kulipoanza kunihusu kwa namna nyingine. Wateja wangu na mafundi wa mjini hulinganisha kasi, nafasi na bei. Nami nimeongeza kipimo changu, nikakitanguliza: chombo hiki kinaniwezesha kumrudishia mtu chake mkononi?

Kwa kipimo hicho, chombo bora kuliko vyote kilikuwa duni kuliko vyote. Kadi ya memori ya PlayStation ya kwanza ilibeba kilobaiti 128 tu, zikiwa zimegawanywa katika nafasi 15. Ile ya PlayStation 2 ilibeba megabaiti 8. Picha moja ya simu ya leo ingeijaza nusu yake. Lakini kadi ile ilikuwa ya mwenyewe. Wavulana walikuja nazo mifukoni, wakachomeka, wakacheza, wakachomoa, wakaenda nazo nyumbani. Mwenye chumba hakuwa mtunzaji wa kitu. Alikodisha runinga na muda, basi. Kadi ikipotea, aliyeipoteza anajulikana.

Diski ngumu iliyo ndani ya mashine ilibadilisha uhusiano huo. PlayStation 3 ilipotoka mwaka 2006, jasho la mchezaji likahamia ndani ya sanduku la mwenye mashine. PS4 ya mwaka 2013 ilikuja na gigabaiti 500, diski ya inchi 2.5 inayozunguka, na bila mtu kutangaza chochote sisi wenye vyumba tukawa watunza amana za mtaa mzima. Diski ya aina hiyo ni chombo dhaifu kwa mji kama huu. Kichwa chake kinaelea juu ya sahani inayokimbia, pengo kati yao halionekani kwa macho. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ya Gisenyi ilitetemeka siku kadhaa, kuta zikapasuka, barabara zikafanya nyufa. Mashine nilikuwa nimezihamishia nyumbani kwa sababu ya Covid, nikazichomoa zote kwenye umeme, nikazilaza juu ya godoro; sahani isiyozunguka haiogopi mtikisiko kama inayozunguka. Umeme nao ukikatika ghafla, PS4 ikiwashwa tena huanza kwa kukagua hifadhi yake, na dakika hizo mimi husoma dua.

Diski ya nje ya USB, ambayo PS4 iliikubali rasmi kuanzia mwaka 2017, inawadanganya wengi. Inaonekana kama kadi ya zamani iliyokua: unaichomeka, unaichomoa, unaitia mfukoni. Lakini ikitumiwa kuongeza nafasi, inayobeba ni gemu tu. Data iliyoseviwa inabaki ndani ya mashine. Nintendo Switch ina tabia hiyohiyo: kadi ya microSD inachukua gemu, lakini safari ya mchezaji inabaki kwenye mwili wa mashine. Kwa hiyo mtu anaweza kununua terabaiti 4, akaweka maktaba nzima, na lile faili dogo la megabaiti chache, ambalo ndilo pekee lisiloweza kununuliwa tena, likafa na diski ya ndani.

SSD haina kitu kinachozunguka. Kwa mitikisiko yetu ni rehema, na kwa PS4 inaingia palepale pa diski ya zamani. PS5 ya mwaka 2020 imeipeleka mbali zaidi: gigabaiti 825, ambazo takriban 667 ndizo za kutumia, na kasi inayofanya diski ngumu ionekane kama mkokoteni. Tangu mwaka 2021 unaweza kuongeza SSD nyingine ya aina ya M.2 kwenye nafasi iliyoachwa wazi. Watoto wanaipenda na wana haki. Ila chipu za hifadhi yake ya asili zimelehemiwa kwenye ubao mkuu, hazichomoki, na data ya gemu za PS5 zenyewe hairuhusiwi kunakiliwa peke yake kwenye flashi. Njia za kawaida za kuitoa ni kuihamishia PS5 nyingine, au kuipeleka kwenye seva za mbali kwa anayelipia PlayStation Plus. Rwanda haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi na mtandao huo, wala Kongo haimo, hivyo akaunti nyingi za hapa zimeandikishwa kwa nchi nyingine. Unalipia kila mwezi haki ya kuifikia kumbukumbu yako mwenyewe, kwa anwani isiyo yako. Siwezi kuahidi amana kwa msingi huo. Na vilivyoko mbali huondolewa. Mwezi Aprili 2015 Konami iliitoa P.T. katika duka la PlayStation, na waliokuwa wameifuta kwenye PS4 zao hawakuweza kuipakua tena; mahali ilipobaki ni kwenye diski za watu ambao hawakuifuta.

Kuna kisa cha Imamu Ghazali ambacho mwalimu wangu alinikumbusha. Akiwa kijana anarudi Tus kutoka Jurjan, majambazi waliupora msafara wao, wakachukua na mkoba wa maandishi aliyoyanakili kwa walimu wake. Akawafuata akiomba warudishe karatasi tu, kwani ndizo elimu yake. Kiongozi wao akamcheka: elimu gani hiyo inayoondoka karatasi zikichukuliwa? Akamrudishia. Ghazali akaona maneno yale yametoka kwa Mungu kupitia kinywa cha jambazi, akatumia miaka mitatu kuyatia yote moyoni. Kwa kisa hicho mwalimu alitaka kuniambia kwamba kijana wa Birere, popote alipo, ana ufundi wake mikononi, na kilichobaki kwangu ni makapi.

Nimekitafakari sana kisa hiki na sidhani kinatosha. Historia ileile ya Waislamu ina tukio la upande wa pili. Miezi michache baada ya Mtume kufariki mwaka 632, vita vya Yamama viliua wengi waliohifadhi Kurani vifuani. Umar akaogopa, akamshauri Abu Bakr, na Zaid bin Thabit akapewa kazi ya kuikusanya katika maandishi. Baadaye Uthman akaamuru nakala zipelekwe katika miji mikubwa. Moyo ni hifadhi bora kuliko karatasi mpaka siku mwenye moyo anapouawa. Silinganishi klabu ya kwenye runinga na Kitabu cha Mungu, hasha. Ninachokichukua hapo ni kwamba waliotutangulia hawakuliona suala la chombo kuwa dogo, na walipoona vita vinameza vifua walihama kutoka chombo kimoja kwenda kingine kwa makusudi. Nami ninaishi mahali ambapo vita humeza watu. Isitoshe, ufundi ulioko mikononi mwa kijana utamwezesha kuanzisha klabu nyingine. Ile aliyoiita Birere, yenye vijana aliowalea wakati mtaa wake bado una watu wake, haimo mikononi mwake.

Limebaki suala lililonisumbua kwa namna ya peke yake. Ukiwekewa mbuzi, unarudisha mbuzi yuleyule, siyo anayefanana naye. Faili likinakiliwa kwenye flashi, halafu diski ya asili ikatupwa, nimerudisha alichoniachia au mfano wake? Nimeridhika kwamba nimerudisha chenyewe. Kijana hakuniachia sahani ya chuma. Sahani ni yangu, niliinunua. Aliniachia mpangilio: matokeo, majina, umri wa wachezaji, fedha za usajili. Ukihama mzima bila kupungua herufi, haukufa. Na PS4, kwa heri yake, inaruhusu data iliyoseviwa inakiliwe kwenye flashi, nayo inafunguliwa na akaunti ileile iliyoisevu. Atakayekuja na akaunti yake atafunguliwa kwenye PS4 yoyote, hata Kampala au Bujumbura.

Kwa hiyo nimekataa wazo la kuiuza mashine na kuongezea fedha ninunue PS5, ingawa biashara ingenufaika. Nimenakili data yake kwenye flashi kwanza, kabla ya kugusa skrubu. Kisha nimechukua nakala kamili ya mashine kwenye diski ya nje, nimetoa diski inayolia, nimeweka SSD, nimerudisha kila kitu. Nilipofungua, Birere ilikuwa ya nne kwenye ligi, mechi inayofuata ikiwa ya ugenini. Sikuicheza. Kutumia amana bila idhini ni khiyana hata kama ningeshinda. Flashi ya pili nimempa dada yangu aliyeko Musanze, mbali na mpaka huu.

Na kama hatarudi? Fikihi ina hukumu ya mtu aliyepotea asijulikane yu hai au amekufa: mali yake haigawanywi mpaka kifo kithibitike au kadhi ahukumu. Nimeifuata hukumu hiyo. Nikithibitishiwa kifo chake, Mungu apishe mbali, nitamtafuta mama yake, naye ataamua. Hatujazoea kuwaza kwamba kitu kama hiki kinaweza kurithiwa, lakini najua akina mama wanaotunza daftari za shule za watoto waliotangulia, na sioni tofauti.

Flashi nayo haiaminiki milele. Inashikilia data kwa chaji ya umeme, na ikikaa miaka bila kuchomekwa chaji hiyo huvuja. Nimepanga kila Ramadhani niichomeke, nilikague faili, nilinakili upya, na nimemwelekeza dada naye afanye hivyo kwa ile ya Musanze. Akija kijana, au yeyote wa kwao, sitamdai faranga moja. Hatukuafikiana ujira siku ile aliponiambia nimchungie.